Daftari Nililofungia Omena

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote si ya arusi yangu. Ni ile siku niliyofungia wateja omena, dagaa wetu wa ziwani, kwa daftari la mume wangu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka likabaki jalada tupu. Nimekuona tangu asubuhi umeshika simu ya mumeo, unasoma, unarudia kusoma, chai inapoa. Weka hiyo simu chini kidogo. Hata mimi nimewahi kusoma kitu cha mume.

Ilikuwa ile miaka ya themanini. Mimi nilikuwa nauza omena pale Dunga, ufukweni, na Ouma, baba yake Achieng, alikuwa mchukuzi wa magunia bandarini. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Kuinama tu avae viatu ilikuwa kazi, anauma meno, anadhani simwoni. Basi ghala moja likatangaza kwamba linatafuta karani, ila lazima mtu apite mtihani wa Kiingereza. Ouma akajiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima. Kila jioni, mtu mzima na ndevu zake, anatoka na daftari kwapani kama mtoto wa darasa la tatu. Nilimcheka, lakini ile kazi ya kalamu niliitaka kuliko yeye.

Sasa, mimi nilifika darasa la saba kule kwetu Kombewa, Seme, na nilijiona mjuzi. Mwalimu wetu alituambia kwamba "used to" maana yake ni kuzoea. Alisema hivyo tu, kengele ikalia, akaenda zake kunywa uji. Nikaiweka kichwani hivyo hivyo, nikaolewa nayo.

Wiki ya mtihani nilikuwa nafagia chumba, nikalikuta daftari kitandani. Nikalifungua. Mwandiko wa Ouma, herufi kubwa kubwa. "I used to take tea at Wambui's." Nikasoma: nimezoea kunywa chai kwa Wambui. Chini yake: "I used to walk with Wambui on Sundays." Nimezoea kutembea na Wambui siku za Jumapili. Ya tatu ilisema amezoea kumwaza akiwa kazini. Kazini, mwanangu! Mimi nasimama juani na omena, yeye amebeba gunia na Wambui juu yake.

Huyo Wambui nilimjua kwa jina. Alikuwa mwanamke wa kutoka Nyeri, mwenye hoteli ya chai karibu na stendi ya mabasi, na kabla sijaolewa watu walishanidokeza kwamba yeye na Ouma waliwahi kupendana. Nilipokumbuka hilo, wivu ulinishika. Nikaanza kujumlisha. Kumbe ngumbaru yenyewe ni kwa Wambui. Kumbe yule mjomba mgonjwa wa Katito, ambaye Ouma aliniambia humtembelea kila Jumapili, amevaa sketi. Kila nilichoweka mahali pake kilikaa sawasawa.

Nikafunga kitambaa kichwani nikaenda kumwona. Nilikaa kwenye benchi lake, nikaagiza chai. Aliniletea mwenyewe, mtoto mgongoni, na nyuma yake mumewe anakanda unga wa mandazi. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Dunga. Akasema kuna mteja wake wa zamani wa huko, anaitwa Ouma, je, ni mzima? Hajamwona miaka mingi. Nikamtazama, nikasema moyoni, huyu ni mjanja. Nikamwomba nimshike mtoto, nikamchunguza pua. Yawa, nilitafuta pua ya Ouma kwenye uso wa mtoto wa watu! Sikuiona, na hata hilo halikunituliza. Chai ilikuwa tamu, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi.

Kesho yake nikabeba lile daftari hadi Dunga. Siku zote nilifungia kwa magazeti makuukuu, lakini siku hiyo kila mteja aliyetaka kopo la gorogoro la omena alifungiwa kwa Kiingereza cha Ouma. Nilikuwa nachana polepole ili niisikie karatasi ikilia. Sikudanganyi, nilifurahi.

Jioni Ouma akarudi, akaanza kutafuta. Akainua godoro, akamwaga kikapu, akamuuliza Achieng, ambaye hata kusoma alikuwa hajui. Mtihani ulikuwa kesho kutwa. Mimi nasonga ugali, kimya. Alipofika mara ya tatu kwenye kikapu kile kile, nikamwambia amuulize Wambui aliyemzoea. Alisimama pale akanitazama, halafu akakaa. Aliniuliza tu kama kuna ukurasa wowote umebaki. Nikasema zote zimeondoka na omena.

Huyo mtu alikuwa akiniita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, hata akiwa na hasira. Akasema, "Nyar Seme, lile daftari ndilo lilikuwa mgongo wangu."

Alienda kwenye mtihani na kile kilichobaki kichwani. Hakupita.

Siku ile ile majibu yalipotoka, mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja Dunga na karatasi iliyokunjwa, inanuka samaki. Alisema aliiona ina jina la mume wangu na alama za mwalimu, akaona huenda tunaihitaji. Nikamwambia kwa uchungu aisome basi, asikie Ouma amezoea nini. Akaisoma, akashangaa.

"Mama Achieng, haya ni mambo yaliyokwisha. Waliambiwa waandike vitu walivyokuwa wakifanya zamani na sasa wameviacha."

Nikamwambia mimi nilifundishwa kwamba ni kuzoea. Akageuza karatasi. Akasema ile ya kuzoea huwa na "am" mbele, na hiyo ndiyo bado ipo. Iko upande wa pili. Akanisomea polepole, kidole chini ya kila neno: nimezoea harufu ya omena kwa mke wangu. Nimezoea kelele zake. Akinyamaza, naogopa.

Niliketi pale pale mchangani, wateja wakinitazama. Nilikumbuka jinsi nilivyosonga ugali nimenyamaza, na yeye anainua godoro.

Nilimwomba msamaha, akanisamehe, na hakulitaja tena. Lakini alibeba magunia miaka mingine mingi, na kalamu hakuishika. Fomu yoyote ikija alimpa Achieng aijaze, yeye anaweka kidole gumba kwenye wino, mtu aliyekuwa anaandika sentensi kama zile. Kila alipoweka hicho kidole, nilitoka nje.

Ile karatasi ninayo mpaka leo, ndani ya Biblia. Ouma amekwisha lala kaburini. Wajukuu wakiniuliza habari zake kwa Kiingereza chao cha shule, nawajibu, "I used to have a husband." Hiyo siikosei tena.

Kwa hivyo nakuambia, mwanangu. Wivu hausomi, unatafsiri unavyotaka. Unachukua mwanamke wa zamani, aliyeshaendelea na mandazi yake, unamleta kukaa kitandani kwako. Kabla hujachana kitu cha mumeo, geuza upande wa pili. Na usiulize marafiki, usiulize simu. Muulize yeye, kwa lugha mnayozungumza mkila ugali, wakati bado yupo wa kuulizwa.

Haya, pasha hiyo chai moto, mpelekee, mkae. Mungu akuondolee huo mwiba kooni. Awape mazoea marefu, nyinyi wawili, na nyumba isiyonyamaza.