Mwezi ya Karatasi na Mwezi ya Juu

Deni yetu ilitoka ku kilio. Mama mukwe yangu alikufa kule Kisenge, mu baridi ya mwezi wa sita, na bwana yangu njo alikuwa mutoto wake wa kwanza. Mutoto wa kwanza hafiki ku kilio ya mama yake mikono mitupu: bantu banangoja yeye njo alete sanduku, bunga, na kitambaa ya kufunika maiti. Ku kazi alikuwa amekwisha kukula avansi yake, feza ya kuchukua mbele ku mushahara wa mwezi ile. Kwa hiyo mi njo nilitoka kwenda kutafuta feza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri, ao kama ni kiburi tu ilinisukuma, nisiitwe muke wa masikini mbele ya bashemeji.

Mu mutaa ya Manika kulikuwa mufanyabiashara mumoja, muislamu wa upande wa Kasongo. Alikuwa anauzisha bitambaa mbele ya duka na samaki ya kukauka nyuma, na alikuwa na kamio moja ya kubeba mizigo. Nilimulomba feza, zaire makumi ine. Aliniangalia, akauliza kazi ya bwana yangu, nikamwambia: anafanya ku pompe za mayi, mu shimo ya Mashamba, ile ya kampuni ya kuchimba shaba.

"Mimi sili faida ya deni, mama," akasema. "Dini inanikataza. Lakini nitashika kitu chako."

Kitu yangu ilikuwa moja tu: masini ya kushona, ya kuzungusha na mukono. Na ile masini nilikuwa nashonea batoto ya majirani bilamba ya masomo, na feza ile njo ilikuwa yangu, ya kukata shauri bila kungoja muntu. Niliipeleka kesho yake juu ya kichwa. Akaipanga ku rafu ya juu, kisha akasema mbele ya muke wake na bantu wawili bengine:

"Utanipa zaire tano kila mwezi ukiandama, mara munane. Nakuachia siku tatu juu yake. Ukipitisha siku tatu mara mbili, masini inabaki hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, tata."

Kusikia nilisikia. Neno "kuandama" nililijua kutoka katekismu: kuandama ni kufuata. Nikaelewa: kila mwezi unaofuata mwenzake. Kulikuwa kitu kidogo mu sauti yake iliyonifanya nitake kuuliza, lakini nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa ine tu, na nilipata haya ya kuuliza neno mbele ya bantu. Naandika hivi ili muntu asifikiri kwamba alinificha kitu. Hakunificha.

Mushahara ulikuwa unatoka siku ya mwisho ya mwezi. Mbele bwana avue viatu, mi nilikuwa nimekwisha kutandika ile feza juu ya kitanda, malundo malundo. Lundo ya kwanza ni zaire tano ya deni. Kisha makala, chumvi, mafuta, sabuni, masomo ya batoto batatu. Bunga hatukununua, kampuni ilikuwa inatupa mposho, gunia moja kila mwezi. Lakini bukari ya ile bunga bila kitoweo nayo si chakula. Nilihesabu, nikatoka inje, nikarudi kuhesabu tena, kama vile lundo ingeongezeka nikigeuza mugongo. Makala nikaacha kununua gunia, nikanunua ya kipimo, na ya kipimo inakula feza zaidi mwisho wa mwezi. Nilijua, lakini feza ya gunia nzima haikupatikana siku moja. Sukari nikaifungia mu sanduku. Bwana yangu akaacha bia, hilo lazima niliseme, akaacha yeye mwenyewe bila mi kumwambia. Kuwa na hasira njo hakuacha.

Mara tatu za kwanza nilipeleka feza siku ile ile ya mushahara. Mufanyabiashara alicheka: "Mama, unakuja hata mbele ya mwezi!" Nilirudi nyumbani na furaha. Mara ya ine hakucheka. Mara ya tano alisema, "Umechelewa siku moja, si kitu." Mara ya sita: "Leo ni siku ya pili, mama." Njiani nilihesabu na vidole. Siku ya pili ya nini? Mushahara ulitoka jana, na leo feza iko mu mukono yake. Nyumbani nilifungua kaye yangu, mwenye nilikuwa naandika kila kitu, hata sanduku ya kiberiti. Tarehe zote zilikuwa sawa. Nikaona labda naandika vibaya. Nikaona tena labda yeye ananiibia siku, moja moja, pole pole, ili masini ibaki. Siku zile sikukaa kitini. Nilikuwa nafagia lupango, kiwanja ya nyumba, yenye nimekwisha kuifagia.

Mara ya saba ilianguka ku sikukuu ya mwaka mupya. Mushahara ulichelewa kidogo, na nilipofika, alifungua kitabu yake, yenye maandishi ya kiarabu, akapitisha kidole.

"Mama, leo ni siku ya tano. Hii nahesabu mara ya kwanza. Ya pili unaijua."

Ndani ya duka kulikuwa bantu wengi. Na mi, mwenye kuogopa kuuliza neno, siku ile sikuogopa kitu.

"Weye ni mwizi!" nikamwambia. "Kitabu yako nani anaweza kuisoma? Unaandika na maandishi ya kwenu ili unyang'anye masini ya banamuke!"

Mufanyabiashara hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mimi mwizi, mama?" na sauti yake ilikuwa ya muntu aliyepigwa na mutoto. Muke wake njo alitoka nyuma, na mikono yenye magamba ya samaki.

"Yaya," akaniita kama dada yake mukubwa, "weye unahesabia mwezi gani?"

"Mwezi! Mwezi ya kalenda, iko mwezi ingine?"

"Sisi tunahesabia ile ya juu. Ukiandama. Ukionekana mupya, kule jua inaingilia."

Muntu mumoja mwenye alikuwa anapima kitambaa akaanza kucheka mpaka akakamata tumbo. "Eh mama! Tata alikukopesha na mwezi ya juu, weye unalipa na mwezi ya karatasi!" Duka yote ikacheka. Mufanyabiashara hakucheka. Alinigeuzia kitabu, akanionyesha: mbele ya kila malipo yangu kulikuwa alama ndogo ya kupinda. Mwezi ya juu ina siku makumi mbili na kenda, ao makumi tatu, haipiti pale. Ile ya karatasi inapita. Kwa hiyo kila mara mwezi yake ilikuwa inanikimbilia mbele kidogo, na mi nilikuwa nyuma yake bila kujua kwamba tunakimbizana.

Nilimulomba samahani palepale, mbele ya bale bale bantu, kwa sababu nilimutukana mbele yao. Akakubali. Lakini siku tano hakuifuta, na sikumulomba aifute. Aliisema tangu mwanzo.

Sasa kulibaki zaire tano, na siku hazikutosha. Nilihesabu: mwezi ya munane itaonekana siku tano ao ine mbele ya mushahara. Hata na zile siku tatu, nitakosa. Na kukosa ile mara ya pili ni masini kwenda, nikiwa nimekwisha kulipa zaire makumi tatu na tano. Bwana yangu alikataa kuamini. "Mwezi ya juu! Ni uongo ya bafanyabiashara." Kisha, kwa sababu naye ni muntu wa haki akitulia, akasema: "Lakini kama alisema, alisema."

Nikakata gunia ya mposho katikati. Nusu nilimuuzishia jirani yetu mwenye kupika bitumbula, mandazi ya bunga, ku soko. Akanipa zaire mbili, akasema zingine tatu atamaliza pole pole akiuzisha. Sisi tukaanza kula bukari mara moja kwa siku, asubuhi muhogo na chai bila sukari. Batoto hawakulia. Mutoto wa katikati aliniuliza tu, "Mama, mwezi ikimalizika tutakula tena?" Sikujua anauliza mwezi gani, ya juu ao ya karatasi.

Mvua ilikuwa inanyesha juma nzima. Kila jua ikianza kushuka nilikuwa natoka inje, nasema naenda kuangalia bilamba ku kamba, na ku kamba hakukuwa kitu. Nilikuwa naangalia mawingu. Nilikuwa nalomba mawingu izidi, hivi njo ilikuwa, sitaki kujipamba. Siku moja nilikuwa natoka ku bomba ya mayi na beseni juu ya kichwa. Pale juu ya vilima vya udongo wa Mashamba, wingu ikapasuka kidogo, na nikamuona mwezi. Mwembamba, kama alama ile ya mu kitabu. Nilisimama mpaka mayi ikanimwagikia shingo. Kisha wingu ikajifunga. Mu njia kulikuwa bantu wengine, lakini kila mumoja alikuwa anaangalia matope ya miguu yake.

Kesho yake nilipita ku duka kununua chumvi, na nilimusikia mufanyabiashara akiuliza bantu wa dini yake: "Jana mulimuona?" Wakajibu, "Wapi, na mvua ile!" "Basi tunatimiza makumi tatu. Kesho njo ya kwanza." Nililipa chumvi, nikatoka. Sikufungua kinywa.

Jirani alimaliza kunipa feza siku ya tatu kwa hesabu ya mufanyabiashara. Kwa hesabu ya macho yangu ilikuwa siku ya ine.

Asubuhi ile, mbele aende kazi, nilimwambia bwana yangu kwamba nilimuona mwezi. Alikuwa anafunga viatu.

"Na nani alikutuma kuangalia juu?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Yeye mwenyewe amehesabu. Kitabu ni yake, dini ni yake, mwezi ni yake. Weye unapashwa kumusaidia kukunyang'anya?"

Maneno yake ilikuwa na nguvu. Nikaenda. Njiani nilibadilisha shauri mara nyingi, nilipita mulango ya duka, nikaenda mpaka soko, nikarudi. Nilijiambia: sina hakika, labda ilikuwa wingu tu. Lakini nilikuwa na hakika.

Aliipokea feza, akahesabu, akachukua kalamu. "Siku ya tatu. Umewahi, mama. Deni imekwisha." Akanyosha mikono ku rafu.

"Tata," nikasema, "mi nilimuona mwezi siku moja mbele ya hesabu yenu."

Mikono ikabaki juu. Akauliza: "Nani mwingine alimuona?"

"Mi peke yangu. Nilikuwa natoka ku mayi."

Akateremusha mikono, akaita muke wake, akamwelezea. Muke akacheka kwa mushangao: "Yaya, weye una akili kweli?" Bwana wake hakucheka. Alikaa juu ya kiti, akashika ndevu, akafikiri mpaka wateja wakaanza kulalamika.

"Ingekuwa muntu mwenye kujitetea, ningekataa," akasema. "Muntu mumoja, na mvua. Lakini mwenye deni akijishuhudia mubaya, nitatafuta shahidi gani tena? Nimekubali. Umechelewa siku moja."

Niliwaza uso ya bwana yangu.

"Kwa maneno tuliyosema, masini ni yangu," akaendelea. "Lakini feza yangu yote iko mu mukono yangu. Nikishika vyote viwili, ile si haki tena, ni faida. Basi siku moja kwa siku moja. Leo masini ni yangu. Kesho asubuhi uje, itakuwa yako."

Nilirudi mikono mitupu. Nilimwelezea bwana yangu yote. "Kesho atasema kesho kutwa," njo tu alisema, akageukia ukuta. Mi sikulala. Nilikuwa nafikiri labda nilisema kwa sababu ya haki, labda nilisema kwa sababu niliogopa kuna muntu mwingine alimuona, labda nilitaka tu kufuta lile neno la mwizi. Sikupata ya kweli ni ipi, na ningali sijaipata.

Asubuhi nilikuwa ku mulango ya duka mbele hajafungua. Alinipa masini bila maneno mengi, nikaiweka juu ya kichwa. Nyumbani niliiteremusha juu ya meza na kuinua kifuniko. Mu sindano kulikuwa uzi nyeupe. Mi niliiacha na ya bluu, ya bilamba ya masomo.

Walishona siku ile moja, yenye ilikuwa yao kabisa? Ao walikuwa wanashona miezi munane yote? Ningeweza kurudi kuuliza. Nilisimama mulangoni na kitambaa ku mabega, tayari kwenda, kisha nikakivua. Jirani alikuwa amekwisha kuleta shati ya mutoto wake, yenye mukono umepasuka. Niliketi, nikaanza kuishona na uzi ile ile nyeupe.