Ghala la Dachi

Mlowezi wa Nyansiongo alipofunga virago baada ya uhuru, ng'ombe walinunuliwa, trekta likanunuliwa, sokwe akakosa mteja. Walter Onyancha, mfanyabiashara aliyelichukua shamba, alimrithi ndani ya kizimba chake kama mtu anavyorithi kiti kibovu. Mzungu alikuwa amemwita Dachesi, cheo cha bibi mkubwa wa Ulaya. Wafanyakazi walimpunguzia cheo, wakamwita Dachi.

Onyancha aliota bustani ya wanyama na wageni wa kulipa. Lakini Dachi alikuwa akijing'oa manyoya. Mkono mmoja ulishabaki ngozi tupu, na chakula alikisukuma kando.

"Mpeni kazi," daktari wa mifugo alisema. "Anauawa na kukaa bure."

"Asipopona kabla ya mvua, nitaazima bunduki," alisema Onyancha, kwa sauti ya kuagiza chai.

Akaletwa Ombui, seremala wa Ekerenyo, aliyefiwa na mkewe Nyanchera mwaka wa 1967. Alianza na tairi la kubembea. Dachi alilitazama kama mke wa chifu anavyotazama zawadi ya sabuni. Akaja na kisanduku cha matundu, njugu ndani. Dachi alikivunja, akala, akarudi kwenye mkono wake.

Ndipo Ombui akajenga ghala la wimbi, dogo, kama yale ya nyumbani: kapu la fito juu ya miguu, na paa la nyasi linaloinuliwa kwa mti ili mtu achote. Ndani akaficha ndizi.

"Tata Ombui," alitania Ratemo, mlishaji wa wanyama, akimwita baba kwa Kigusii, "ghala hujengewa mke. Mahari umepeleka wapi, Kongo?"

Ombui alicheka kidogo, kwa adabu.

Dachi aliutupa mti. Akainama chini ya paa, akaliinua kwa utosi, akalibeba kichwani huku mikono yote miwili ikichota. Aliposhiba akalishusha, akazipapasa nyasi zilale vizuri.

Ombui akakaa chini. Wanawake wote aliowajua walitumia mti. Nyanchera peke yake alitumia kichwa, na mama mkwe alimgombeza kwa hilo mpaka akachoka. Nyanchera hakuwahi kukanyaga Nyansiongo.

Jioni hiyo hiyo alilitoa ghala, akisema miguu imelegea. Dachi akahamia mkono wa pili, kisha akakataa hata maji.

"Tata, bunduki inakuja kesho," Ratemo alimwambia.

"Nimesikia."

"Basi rudisha kitu chake. Kwani uliona nini mle?"

"Nyasi."

Alilirudisha kabla jua halijazama. Dachi alilizunguka, akaingiza kichwa, akala. Bunduki ilikuja, ikapewa uji, ikarudi kwa mwenyewe.

Mvua ziliponyesha manyoya yalichipuka, laini kama nywele za mtoto. Wageni walikuja kumcheka sokwe aliyevaa paa kama kofia. Ombui aliendelea kuja miaka yote iliyofuata kubadilisha nyasi, na alifanya kazi akiwa amekipa kizimba mgongo. Watu walidhani ni dharau.

Asubuhi moja ya mwaka wa 1974, akikata nyasi, alisikia paa likiinuliwa nyuma yake. Hakugeuka. Alitoa salamu kwa Kigusii, ile ya mtu na mkewe wakiamka. Kisha akashikilia panga hewani na kungoja, kwa muda ule ambao adabu humpa mtu mwenye chakula kinywani.