Sumaku Shingoni

Shemeji yangu, ninayeishi kwake na kumsaidia kazi, ni fundi cherehani, na kwa upande wa kushona sina neno naye. Suruali aliyoishona yeye utaichoka wewe kabla yenyewe haijachoka. Ana sumaku ndogo aliyoifunga kwa utepe na kuivaa shingoni, ya kuokotea sindano zinazoanguka, na wateja wameshasahau jina lake, wanamwita Sumaku. Shida yake ni moja tu. Anaamini kwamba kila chenye gurudumu na mafuta ni ndugu wa cherehani. Pikipiki kwake ni cherehani iliyopewa matairi ikaambiwa itembee, na ukimbishia atakuonyesha: huku kuna mkanda, kule kuna mnyororo, huku unatia mafuta, kule unatia mafuta, mengine ni maneno ya watu.

Pikipiki yenyewe si yake. Ni ya mkewe, dada yangu mkubwa, ambaye ni mkunga. Akipigiwa simu anatakiwa afike, mvua inyeshe isinyeshe. Zamani ilikuwa ikitengenezwa na fundi wa pale kona, mwenye kibanda cha mabati karibu na nguzo ya umeme, mpaka siku shemeji alipomkuta akiigonga nati kwa nyundo. Akaja juu. Akasema chombo kinachombeba mke wake hakitaguswa tena na mtu anayetumia nyundo mahali pa spana. Akanunua spana zake, akazishonea mfuko wa turubai wenye vyumba, kila spana na chumba chake.

Hapo ndipo tulipoanza kukiona cha moto. Mara ya kwanza alizidisha oili kwenye injini, na dada alipoiwasha ua mzima ulijaa moshi. Jirani alianua nguo zake akaenda kuzifua upya huku anatusema. Mara nyingine akagusa nyaya, honi ikawa inalia kila dada anapokata kushoto, watu wanaruka pembeni wakidhani anawafokea. Kabureta aliifungua akaifunga, ikavuja petroli usiku kucha, tukaamka vichwa vinatuuma. Kila kosa alilirekebisha mwenyewe kwa jasho lake, na likishatengemaa alisahau kabisa kwamba ndiye aliyeliingiza. Dada hakuwa anasema kitu. Alivaa kofia yake ngumu, akamwambia ahsante, akaondoka. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka kwa niaba yake.

Ila nisimwonee, shemeji hujifunza. Baada ya yale ya kabureta alibuni utaratibu wake. Anatandika kitambaa cheupe sakafuni, na kila kipande anachokifungua anakilaza hapo na kukizungushia chaki ya fundi, kama anavyochora kola au mfuko wa shati. Wakati wa kurudisha anaanzia mwisho kuja mwanzo. Mchoro ukibaki mtupu, maana yake kipande kimekwenda kwao. Kitambaa kizima kikiwa kitupu, kazi imekwisha. Nilicheka siku ya kwanza, lakini baadaye hata mimi niliona kuna akili ndani yake.

Juzi alasiri aliivua tairi ya nyuma ili abadilishe breki. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunja bandeji zake na kumtazama. Shemeji akipata mtu wa kumtazama hunogewa, basi akawa anaeleza kila kitu. Alituonyesha nati kubwa yenye mikato kichwani, inayoshika ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, halafu akainua pini ndogo yenye miguu miwili. Hiyo, alisema, inapita kwenye mkato na kwenye tundu la ekseli, unaikunja miguu, na nati haiwezi tena kuzunguka hata pikipiki itikisike vipi. Bila hiyo nati hujifungua yenyewe kidogo kidogo, na mpandaji hana habari. Akailaza pini kitambaani, akaichora kwa uangalifu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Niliona dada anatabasamu. Katikati ya kazi akaja mteja na begi lililokatika zipu, shemeji akainama juu ya kitambaa ili ajinyanyue, akaenda kumhudumia, akarudi, akamaliza. Kitambaa kilikuwa kitupu. Akakikung'uta na kukikunja.

Asubuhi simu ya dada ililia. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Dada alikuwa barabarani kabla chai yake haijapoa. Shemeji akakaa kwenye cherehani akipiga mluzi, na mimi nikaendelea na vifungo vyangu. Sijui mkono ulinitelezaje, kopo la sindano likaniponyoka, zikatawanyika chini. Shemeji akasema haina neno, akaitoa sumaku iliyokuwa imeingia ndani ya shati lake, akainama kuzizoa.

Akabaki ameinama. Nilidhani mgongo umemkamata. Alipoinuka alikuwa ameshika sumaku mkononi, na juu yake, imenata, kulikuwa na ile pini yenye miguu miwili.

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Alipoinama kwa ajili ya mteja, sumaku iliifyonza pini kutoka kitambaani ikaingia nayo shatini. Aliporudi akakuta mchoro mtupu, akaamini ameshairudisha.

"Kabla mteja hajaingia niliilegeza nati kidogo ili mkato ulingane na tundu," alisema, na sauti ilikuwa si yake. "Shemeji, niliilegeza."

Tukapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika; dada huiweka kwenye mkoba, na akiwa na kofia ngumu hasikii. Tukapiga tena. Kisha shemeji akatoka mbio na futi yake ya utepe ikipepea shingoni, nami nyuma yake, sandali zikinivuka. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu. Nilitaka kumpiga, na papo hapo nilimwonea huruma. Njiani nilikuwa naona mteremko wa kuelekea darajani, na kona yake, na malori.

Pale kwenye kibanda cha mabati tulimkuta fundi wa kona anasafisha plagi. Shemeji hakuwa amesema naye tangu siku ya nyundo. Huku anahema, akamuuliza kama amemwona mkewe. Fundi alimtazama, akanitazama na mimi, akafuta mikono.

"Amepita," alisema. "Nami nimeshangaa. Kila ukimaliza kuitengeneza huwa anasimama hapa, naikagua, naikaza, ndiyo anaendelea. Tangu ulipoanza. Leo hakusimama."

Mimi nilielewa ahsante zote za dada, miaka yote ile, zilikuwa zinakwenda wapi. Lakini haikuwa saa ya kuelewa mambo. Alipoonyeshwa ile pini fundi hakuuliza swali la pili. Akatia spana mfukoni, akawasha pikipiki yake, tukapanda wote watatu tumebanana, tukashuka.

Tulimkuta kabla ya kona ya daraja. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, ekseli imechomoza nje, gurudumu limekaa upande na mnyororo unaning'inia. Dada alikuwa amekaa kwenye majani, kofia pembeni, goti linavuja damu, ameukumbatia mkono wa kushoto ambao kifundo chake kilikuwa kimeanza kuvimba. Alikuwa anaongea na simu. Anamwelekeza mtu amlaze yule mama kwa ubavu, asimruhusu kusukuma. Alituona, akainua kidole tusubiri, akamaliza maelekezo yake yote. Nikalia pale pale, sikuweza kujizuia.

Nilimfunga mkono kwa mtandio wangu. Shemeji alisimama mbele yake ameinyoosha ile sumaku na pini yake, kama mtoto aliyetumwa kurudisha kitu cha watu. Dada akaiangalia, akaelewa. Hakumgombeza. Alimwambia fundi wa kona ampeleke haraka ng'ambo, kwa sababu mkono mmoja mzima bado alikuwa nao na kule alikuwa anasubiriwa. Fundi akatoa nati ya akiba kutoka mfuko wa ovaroli, akampa shemeji pamoja na spana, kisha akamsaidia dada kupanda. Ndipo alipomuuliza, kwa upole tu, mbona leo hakusimama.

"Jana nilimwona anavyoichora ile pini kwa chaki," dada alisema. Alikuwa anamjibu fundi, hakumtazama mumewe. "Nikasema basi, leo nimwamini."

Wakaondoka.

Mimi nililishika gurudumu, shemeji akairudisha ekseli, akavisha mnyororo, akakaza nati. Mtu huyu hutunga uzi kwenye sindano bila miwani, hata taa ikiwa hafifu. Siku ile pini ilimshinda. Kila akiipeleka kwenye tundu ilipita pembeni, ikaanguka mchangani, akaiokota, akaanza tena. Nilimwambia anipe mimi. Akakataa kwa kichwa. Hatimaye ikapita, akaikunja miguu yake, akaijaribu kwa kidole, akaijaribu tena, na bado hakuinuka.

Hakuiwasha pikipiki. Aliisukuma kwa mkono mteremko mzima kurudi juu, mimi nikisukuma kwa nyuma. Nilikuwa nimeandaa mengi ya kumwambia na yote yaliniishia njiani. Tulipofika kwenye kibanda cha mabati aliiegesha vizuri chini ya nguzo, akavua sumaku shingoni akaitia mfukoni. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, akamsubiri fundi arudi aikague.