Baiskeli ya Miguu Mitatu Niliyomchagulia Mkwe

Kuna aibu nyingine mtu huificha mpaka anazeeka nayo, na hii hata wanangu nimewasimulia nusu tu, lakini leo acha niiseme yote, na mkitaka kucheka chekeni mapema: mimi ndiye niliyemwangusha mama mkwe wangu mbele ya kanisa zima, halafu nikamkumbatia. Ndiyo, nilimkumbatia mkwe. Kwetu Wanyaturu, wakati ule, afadhali mngesikia nimechoma ghala la kijiji.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulisogezwa karibu na Sepuka, nyumba zikapangwa mistari, na mama mkwe akaletwa na lori pamoja na kuku wake akapewa nyumba ya jirani na yetu. Mahame yake, yaani makazi ya zamani aliyoyaacha, yakabaki mwendo wa saa mbili, na huko ndiko alikozikwa mumewe. Kila mvua ikinyesha alimwambia mke wangu, "Kaburi la baba yako linaota majani na mimi nimekaa tu hapa." Miguu ilimvimba akitembea, na baiskeli ya kawaida hakuwahi kuipanda maisha yake yote. Ndipo mimi, mwalimu wa shule, mwenye akili nyingi (hapo mnaweza kucheka), nikauza asali ya msimu mzima ili nimtafutie baiskeli ya miguu mitatu, ambayo hata asiyejua anakaa tu na kukanyaga.

Singida mjini kulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa nazo mbili, zimeachwa na mzungu aliyerudi kwao. Moja fupi, rangi ya kijani imechujuka, kiti chake kiko chini. Ya pili ndefu, nyekundu, ina kengele na kikapu cha waya nyuma.

"Atakayepanda ana urefu gani?" fundi akaniuliza.

Ningejuaje? Mkwe hatazamwi. Ukikutana naye njiani unaingia porini apite, ukiwa na neno unampa mkeo apeleke, na kwa miaka kumi na moja ya ndoa nilichokuwa nakijua cha mama yule ni sauti yake na ncha ya kanga ikipotea nyuma ya nyumba.

"Basi mlete akae mwenyewe, mwalimu. Au muulize mkeo."

Nimwulize mke wangu urefu wa miguu ya mama yake? Niliona haya hata kuliwaza jambo hilo. Nikakaa mimi mwenyewe juu ya ile nyekundu, miguu ikafika vizuri, nikasema hii hii. (Na ukweli mwingine ni kwamba ile ya kijani ilikuwa mbaya, nami nilitaka kijiji kione mkwe wa mwalimu amepanda kitu cha maana.)

Jumapili, ibada ilipokwisha, baiskeli ikatolewa uwanjani. Mimi nikasimama kando nimegeuza mgongo, kama heshima inavyotaka, kwa hiyo mwanzo wote niliuona kwa masikio. Nikasikia vigelegele, nikasikia kinamama wanampandisha, halafu mke wangu akaita:

"Baba Daudi, miguu haifiki!"

"Mwambie asogee mbele ya kiti!"

"Amesogea. Vidole tu ndiyo vinagusa."

"Itafika tu, akianza kwenda itafika!" (Sijui elimu hiyo niliipata wapi.)

Kinamama wakamsukuma kidogo. Sasa uwanja ule unateremka kuelekea kisimani, na njia yenyewe ni ya ng'ombe, nyembamba, imechimbika katikati, gurudumu la mbele likaingia mferejini, ya nyuma yakabaki juu kila moja na upande wake. Nikasikia kengele inalia yenyewe na mke wangu anapiga kelele, "Breki! Mama, breki!" Hapo ndipo nikakumbuka kwamba breki sikumwonyesha mtu yeyote.

Nikageuka, nikakimbia, nikamfikia baiskeli inapinduka, nikamdaka, tukaanguka wote wawili, kanga huku, kilemba kule, uso wake na wangu kiganja kimoja katikati. Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyomwona mama mkwe wangu. Alikuwa mdogo, jamani, mdogo kama mwanafunzi wa darasa la nne. Hakulia. Alifumba macho asinione, na mimi nikafumba, tukabaki hivyo mpaka kinamama walipokuja kutuachanisha na kumfunika. Hakuna aliyecheka. Natamani wangecheka.

Nyonga yake ilivunjika. Wazee wakanitoza kondoo wa kuondoa aibu, nikamtoa siku hiyo hiyo, lakini mfupa ulikataa kuunga. Alilala miezi. Siku moja akamtuma mke wangu: niende mahame nikalitazame kaburi, nije nimweleze.

Nilikwenda kwa miguu. Paa la tembe lilikuwa limeanguka, na kiwanja chote kilikuwa kimelimwa kwa trekta, shamba la ujamaa la kijiji jirani, mtama umesimama mpaka mlangoni. Nilitafuta mawe ya kaburi mpaka jua likainama. Sikuona hata moja. Niliporudi nikasimama nje ya ukuta wake, mke wangu akiwa ndani.

"Anauliza umeonaje."

"Mwambie pako vilevile. Na majani nimepalilia."

Kisha mama mkwe akasema mwenyewe, na kunisemesha mimi hakuwa amewahi: "Asante, baba. Basi nikipona nitakwenda. Ile baiskeli usiiuze."

Sikuiuza. Ilikaa kwenye ukuta wa nyumba yake, na kila asubuhi alimwomba mke wangu aipanguse vumbi, mpaka masika yaliyofuata, alipofariki.

Msibani wazee wakauliza azikwe wapi. Mke wangu akasema, "Tumpeleke akalale na baba. Si Baba Daudi alisema pako vilevile?" Watu wote wakanitazama. Ikabidi niseme, mbele ya waombolezaji, kwamba hapako, kwamba ni mtama mtupu.

Tukamzika kijijini. Jioni ile nikamwapia mke wangu kwamba sitamchagulia mtu kitu tena bila kumwuliza, hata awe mkwe, wala sitamtuliza mtu kwa uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza.

"Sawa," akasema. "Lakini mwaka mzima mimi nilikuwa napangusa baiskeli ya kwenda wapi?"