Akiru na Mzunguko wa Makanisa Yasiyo na Paa

Jamani, leo asubuhi nimempigia Akiru simu. Nilitaka kumuuliza kama ameshatuma report ya field. Dada yake akapokea. Ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika Jumamosi.

Akili imekataa kabisa. Acha niandike, labda mikono itaielewesha.

Wengi wenu mnamjua kwa zile picha ninazoweka hapa: mwanamke mrefu, shanga shingoni, buti zimejaa vumbi, amesimama kwenye mlango wa kanisa lisilo na paa. Mliniuliza kila mara, "Hapo ni wapi?" Sikuwahi kuwajibu vizuri.

Nilipoletwa Kakuma, huku Turkana, kikazi kutoka Bungoma sikujua mtu. Siku ya kwanza ofisini Akiru aliangalia viatu vyangu vya kisigino, akasema, "Nekesa, hivyo vitakufa leo." Kabla ya lunch vilikuwa vimekufa.

Leave yangu ya kwanza ikafika, na mvua ikakata barabara ya Kitale, njia yangu ya nyumbani. Nikajilaza kitandani nalia. Akiru akaingia na vidumu vya maji. "Kenya imekukataa," akasema, maana huku mtu akisafiri kwenda kusini husema anaenda Kenya. "Inuka. Twende tutembee njia ya baba."

Baba yake, Mzee Ekal, alikuwa katekista. Zamani alizunguka kwa miguu, anatoka Kakuma, anapanda upande wa Nakalale, anarudi kupitia Kalobeyei, akisalisha katika makanisa madogo ya mawe waliyojenga wamisionari wa kwanza. Visima vilipokauka watu wakahama. Mabati yakang'olewa, zikabaki kuta.

Tulitembea alfajiri na jioni. Jua likipanda tunajilaza kwenye kivuli cha gofu.

Kanisa la kwanza lilikuwa limejaa mbuzi. Akiru akapiga goti katikati yao, akafanya ishara ya msalaba, na mbuzi mmoja akaanza kutafuna kitambaa chake cha kichwa. Wueh! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake ndipo aliponieleza. Alikuwa ameingia utawani, akatoka kabla ya kuweka nadhiri. Baba yake alikuwa ameshawatangazia waumini wote kwamba binti yake ni sista. Aliporudi nyumbani na begi lake, mzee alimpita mlangoni kama hajamwona. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesalimiana.

"Sasa mbona unafuata njia yake?" nikamuuliza.

"Nyumbani hatukumwona sana. Nataka kujua huku alikuwa anapata nini."

Karibu na laga moja, ile mito ya mchanga isiyo na maji, tulimkuta mama mzee akifagia ndani ya gofu. Alilifagia kila Jumapili, ingawa hakukuwa na padri wala paa. Ejok, ejok, tukasalimiana. Akamuuliza Akiru yeye ni binti wa nani.

"Wa Ekal, katekista."

Mama akatupa ufagio. Akaongea Kiturkana mbio mbio, akarukaruka, akaonyesha kidole pale altareni. Akiru hakunitafsiria neno. Alikaa juu ya mawe akafunika uso.

Aliniambia baadaye, tukiwa njiani. Siku aliyozaliwa, habari ilimfikia baba yake hapo hapo, ibada ikiendelea, na mvua ikaanza kunyesha baada ya ukame mrefu. Katekista akaweka kitabu chini, akacheza, waumini wakamfuata nje wakicheza kwenye matope. Akamwita mtoto Akiru, yaani mvua.

"Sikujua kama alinifurahia," akasema. Hivyo tu.

Tulipofunga mzunguko Kakuma hakutaka hata kuoga. Tukaenda Lodwar moja kwa moja, kwa baba yake. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba. Akiru akasimama mbele yake na vumbi lake lote.

"Baba, wanasema ulicheza."

Nilidhani atainuka aondoke.

"Nani amesema?"

"Yule mama anayefagia."

"Huyo hakuona vizuri. Niliruka juu kuliko alivyokwambia." Akanyoosha mkono. "Ketini. Mmekula?"

Mwaka uliofuata mzee akasema naye anaenda. Miguu ilikuwa imeisha, kwa hiyo tulimpeleka kwa pikipiki. Gofu la yule mama lilipoonekana akampiga dereva begani asimame. "Hapa sijawahi kufika nimekaa." Akashuka, akashika bega la binti yake, wakaenda polepole juani. Mimi nikabaki nyuma na kamera, na sikuona vizuri nilichopiga.

Akiru, sasa naongea na wewe.

Uliugua wiki moja tu. Nilikuletea uji hospitalini Lodwar, ukaniambia, "Huu ni uji ama ni sukari?" Nikatoka nje nikifurahi, nikijua umepona. Mtu mgonjwa hawezi kuwa na maneno hivyo. Kumbe.

Nimekasirika, dada. Sijui nimekasirikia nani.

Juzi watu walipotawanyika kaburini, baba yako alibaki kwenye benchi. Nikaenda kumuaga.

"Sasa nani atanigombeza nikisahau dawa?" akaniuliza.

"Mimi, Baba."

"Wewe si una kwenu?"

"Hapa pia ni kwetu."

Akasogea kidogo tu kwenye benchi, nikakaa.

Basi usihangaike juu yake, Akiru. Umetembea vya kutosha. Vua buti, dada yangu, ulale salama.