Kondo Lisilo na Neva

Ipo siku ninayoikumbuka sana, mwanangu, na naona umefika umri wa kuisikia. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nikisomea ualimu wa baiolojia mjini Kakamega. Kwetu ni Matungu, kwenye mashamba ya miwa, nyumbani kwa nyanya yangu tuliyemwita Kukhu. Yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu, Mwanaisha, alifariki siku aliyonizaa, na katika nyumba ile hakuna aliyemtaja. Picha yake hatukuwa nayo. Nilipendwa, usidhani vingine. Lakini kila nilipoona msichana akisukwa nywele na mamake, nilitafuta njia nyingine ya kupita.

Asubuhi ile mwalimu wetu, Bwana Shitandi, alirudia somo la asetilikolini. Tulikuwa tukiijua kama kemikali inayotolewa na neva ili kuuambia msuli ujikaze. Akasema haiishii hapo. Ipo hata kwenye mimea, nayo mimea haina neva.

"Na kondo la nyuma," akasema, "lile linalomuunganisha mtoto na mamake tumboni, nalo halina neva hata moja. Lakini limejaa asetilikolini."

Niliinua mkono. "Sasa mwalimu, kama hakuna neva, nani anamwambia nani?"

"Seli zenyewe zinaambiana, jirani kwa jirani. Inatengenezwa upande wa mtoto. Wataalamu wanadhani inasaidia chakula kivuke kutoka kwa mama. Mengine, dada yangu, bado hayajulikani."

Wenzangu waliandika wakageuza ukurasa. Mimi kalamu ilinikatalia. Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba mimi na mama hatukuwahi kupeana chochote. Kumbe kwa miezi yote ile nilikuwa nikiomba, naye akitoa.

Ijumaa nilikwenda nyumbani. Nilimkuta Kukhu jikoni anasonga obusuma, ugali wa kwetu. Nikamwamkia, akaniitikia, nikaketi kwenye kigoda. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakapotea, nikauliza tu, "Kukhu, kondo langu lilizikwa wapi?"

Mwiko ukasimama. "Nani amekutuma kuuliza mambo hayo?"

Nikamweleza nilivyoweza, Kiswahili na Kiluhya vikichanganyika. Kwamba ile nyama haina mishipa ya fahamu, lakini ilikuwa ikitoa ujumbe, na mama akinilisha kupitia hapo. Nilitazamia anifukuze. Aliepua sufuria, akajifuta mikono kwenye leso, na alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Alikuwa anapendanga samaki mkavu," akasema. "Hiyo mimba yako ilimfanya aitishe samaki asubuhi, mchana, jioni. Tukimwambia apumzike anasema, 'Mama, si mimi, ni huyu.' Anashika tumbo hivi."

Nikalia. Naye akalia. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia.

"Na wewe uliniuliza lini?" Alinikaripia, mwanangu, huku machozi yakimtoka. "Nilikuwa naogopa nikitaja jina lake utaumia. Nikakungoja. Umekuwa mtu mzima mbele yangu, hujasema hata siku moja, 'Kukhu, mama alikuwa nani?' Ni binti yangu! Unafikiri mimi sikutaka kumtaja?"

Mimi nami nilikuwa nimenyamaza ili nisimuumize yeye.

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Mahali pale palikuwa pamelimwa miwa, imenipita kimo. Akanyoosha kidole katikati ya majani. "Hapo. Nililizika mwenyewe." Kisha akaita kwa sauti, kama anayemwita mtu aje kula: "Mwanaisha!"

Kuanzia siku hiyo kila nilipokwenda nyumbani alinisimulia: jinsi mama alivyotembea, nyimbo za harusi alizozijua, watu aliogombana nao. Baadaye Kukhu naye akatutoka. Tulipokwisha kumzika ndipo nilipogundua sikuwahi kumuuliza mama alikuwa anachekaje. Mpaka leo sijui, na hakuna aliyebaki wa kuniambia. Wakati mwingine nacheka peke yangu jikoni, halafu nasikiliza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kama yupo mtu unayetamani kumjua na walio karibu nawe hawamtaji, waulize. Uliza kwa adabu, chagua saa njema, na wakilia kaa nao. Usikisie kwamba wanyamavu hawana la kusema. Huenda wanakungoja uanze. Na siku nawe utakapokuwa na kumbukumbu ya mtu ambaye mtoto anamtamani, mtangulie kabla hajauliza.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kuuliza na watu wa kukujibu, na uwapendao usiowahi kuwaona, akukutanishe nao mahali pema. Amina.