Gari Lililotulizwa na Mawe ya Tabaka

Sipendi kuambiwa barabara za kwetu ni mbaya na mtu ambaye hajawahi kuzikanyaga. Hilo nilitaje mapema, maana wako wanaosema mimi ni mkali. Mimi si mkali. Mimi nilinunua gari jipya la umeme, kiti chake bado kina nailoni, likanitetemekea mlimani kama mashine ya kusaga mahindi, kisha mtu aliyekaa kwenye ofisi ya vioo Nairobi akaniambia niangalie njia ninazopita. Wewe ungecheka?

Gari lenyewe nililinunua kwa sababu ya mama. Aliteleza kwenye majani ya chai, huko nyumbani karibu na Kebirigo, akavunjika nyonga. Alipasuliwa Kisii mjini na kutiwa chuma, na daktari wa mazoezi ya viungo akatueleza bila kuzunguka: akiletwa mazoezini kila wiki atatembea, asipoletwa mguu utakauka hivyo hivyo na atabaki kuwa mtu wa kitandani. Pikipiki hakuweza. Matatu ndiyo kabisa, mguu haukunjiki. Kila niliyemuuliza aliniambia magari ya umeme hayana kelele wala kutikisa, unakwenda kama umekaa sebuleni. Sebuleni! Haki ya Mungu, kama ni sebule basi ni ile ya jirani mwenye posho mill, kinu cha unga.

Siku ya kulichukua, muuzaji aliniuliza linakwenda wapi. Nikamwambia Kisii na Nyamira. "Aa, watu wa milimani! Usijali madam, tutakuinulia kidogo." Nikashukuru, nikaendelea na chai niliyopewa. Kwetu hilo si jambo la kuulizana. Gari likinunuliwa huinuliwa kwanza ndipo liletwe nyumbani. Fundi anapachika vipande vya mpira mgumu juu ya springi, tumbo linaachana na mawe, na majirani wanalizunguka wakisema, "Hii gari imesimama!" Hakuna anayehesabu kwamba gari limebadilishwa. Ni kama mtu kuvaa viatu.

Safari ya kwanza na mama ndiyo iliyonifungua macho. Alilala kiti cha nyuma, mguu umenyooka juu ya mito, mimi naendesha. Kwenye tambarare, kimya. Tulipoanza kupanda nikakanyaga zaidi, na hapo mtetemo ukaanza chini kabisa, upande wa nyuma, ukapita kwenye kiti hadi mgongoni. Nikiondoa mguu, unatulia. Nikikanyaga, huo tena. Na nani amewahi kutoka Kebirigo hadi Kisii bila kupanda mlima? Kabla hatujafika Nyamira, mama alininyooshea mkono begani.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Jasho lilikuwa linamtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Mama yangu amezaa watoto nyumbani na kuchuma chai mchana wa siku hiyohiyo. Si mtu wa kulialia.

"Mwanangu, hapa ndani kuna chuma," akasema, akishika nyonga. "Gari lako linakisugua."

Wiki iliyofuata alivumilia tena. Baada ya hapo akakataa. Alikaa kitandani kwake akaniambia niende salama, nimsalimie daktari. Nilibembeleza, nikagomba, nikatishia kumwita mchungaji. Wapi! Na mguu ule ulikuwa unakauka nikiuona.

Nikampigia muuzaji. "Madam, hizo ni barabara zenu," akaniambia kwa sauti tamu. Nikamweleza kwamba mlima ninaousema una lami laini, hauna hata shimo la kuku kuoga vumbi. Akasema huenda ni mazoea, watu waliotoka kwa gari la petroli husikia vitu. Nisikie vitu! Mama yangu anatokwa na jasho, mimi nasikia vitu!

Nilipopiga kelele za kutosha wakakubali kumtuma mtaalamu wao. Nikawaambia mara ya kwanza, nikarudia: msije Jumamosi, sisi ni Waadventista, Jumamosi tuko kanisani. Alikuja siku gani? Jumamosi. Alisimama langoni akapiga honi, akaliangalia gari kupitia ua, akaenda zake. Jumatatu nikapata ujumbe kwamba mteja hakupatikana. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari kama langu. Huko nako kila mtu daktari. Mmoja alisema nibalansi magurudumu. Nikabalansi. Mwingine akasema nihamishe ya kushoto kulia. Nikahamisha. Mwingine akataka nizime gari na kuliwasha upya, kama redio. Nikazima, nikawasha, nikajiona mjinga. Mmoja tu alinipa la maana: niweke chupa iliyojaa maji nusu mbele yangu, nirekodi nikipanda mlima. Nikarekodi. Maji yalichemka bila moto. Nikaituma video kundini na kwa muuzaji pia. Muuzaji akajibu kwa picha ya kidole gumba.

Video hiyo ndiyo iliyomfanya mtu wa Tabaka anipigie. Yeye hununua vinyago vya mawe kwa wachongaji, na kuvipeleka kwa wenye maduka mjini, na alikuwa na gari kama langu, kutoka kwa muuzaji yuleyule.

"Dada, hata yangu inafanya hivyo," alisema. "Lakini nikiwa nimebeba mawe inatulia. Shida ni nikirudi mtupu."

"Rudia hapo."

"Ikiwa na mzigo nyuma inatulia kabisa. Mimi nilifikiri imezoea kazi."

Nilimwambia nakuja. Kule Tabaka alinijazia buti: viboko, vifaru, sinia, na tembo mmoja aliyebidi abebwe na watu wawili. Nikapanda mlima na chupa yangu mbele. Maji yakatulia. Nikakanyaga zaidi kwa hasira, yakatulia vilevile. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mwenye mawe aliniazima mzigo wake wa wiki nzima, Mungu ambariki. Nikaenda moja kwa moja kwa mama, nikamlaza kiti cha nyuma na wanyama wote wale nyuma yake, tukafika Kisii bila yeye kuguna. Akafanya mazoezi yake. Njiani kurudi akauliza ni nini kinachogongana huko nyuma. Nikamweleza.

"Kwa hivyo mimi sikuwa mzigo wa kutosha?"

Lakini mtu hawezi kuishi akibeba tembo. Nikarudi Tabaka kurudisha mawe, na tulipokuwa tunayashusha nikaona gari linapanda. Kila jiwe lililotoka, nyuma ikanyanyuka, mpaka likasimama vile majirani wanavyopenda. Nilisimama na kiboko mkononi nikalitazama. Mzigo haukuwa umetuliza chochote. Mzigo ulikuwa umelishusha tu, ukalirudisha kimo lilichozaliwa nacho. Tukainama wote wawili, tukachungulia chini. Vyuma vinavyotoka kwenye mota kupeleka nguvu magurudumuni, ambavyo vilitakiwa kulala karibu sawasawa, vilikuwa vimeinama kama paa la nyumba. Na hivyo vilivyoinama ndivyo tulivyokuwa tunavizungusha kwa nguvu mlima mzima, vikatetemesha gari lote.

"Walituinulia," nikasema.

"Si kila mtu huinua?" akauliza. Ndiyo, kila mtu huinua. Ndiyo maana katika kundi zima, na wengi wetu tumeinuliwa, hakuna aliyewahi kulitaja.

Nikampigia muuzaji pale pale, nikiwa nimechuchumaa. Nikamuuliza kama anajua kuinua gari hili kunaleta mtetemo. Unajua alijibuje? "Ndiyo, madam, inawezekana, kwa baadhi ya magari." Inawezekana! Alijua! Muda wote mama yangu amelala kitandani mguu unakauka, huyu kijana alikuwa na jibu mfukoni, akanipa barabara zangu. "Lakini tuliwawekea bure," akaongeza. Niliyomwambia baada ya hapo mwenye mawe aliyasikia yote, naye ni Mkatoliki mpole, akajifanya anahesabu vinyago.

Fundi wao alikuja, safari hii siku ya Jumanne, akaviondoa vile vipande vya mpira. Mtetemo ukaisha papo hapo. Mama akawa anakwenda mazoezini kila wiki. Akaanza kusimama, akapewa fimbo, akaanza kuzunguka sebuleni akishika meza.

Sasa tumbo la gari likawa chini, na betri iko tumboni. Njia ya kwetu kutoka kituo cha kupimia chai hadi langoni imejaa mawe makubwa na makorongo, kila uchaguzi tunaahidiwa itachongwa. Kwa hiyo kila tuliporudi niliegesha kituoni, nikatafuta vijana wa kumbeba mama kwa kiti hadi nyumbani, naye aliichukia safari ile fupi kuliko yote.

Siku moja tulikuwa tumeegesha hapo, vijana hawajaonekana, simu ikalia. Muuzaji. Alitaka kujua kama sasa nimeridhika na huduma yao.

Kuridhika! Nikashuka garini ili nipate nafasi ya mikono. Nikaanzia kwenye mlima wa kwanza, nikapita kwenye Jumamosi, nikamweleza habari ya kidole gumba. Nikamwambia kuhusu makorongo haya, ingawa si yeye aliyeyachimba. Nikamwambia mama yangu yuko ndani ya gari hili sasa hivi akisubiri kubebwa kama gunia, mama aliyelea watoto hadi wakawa watu wazima, na kwamba nikimpa simu atamweleza mwenyewe. Nikafungua mlango wa nyuma ili nimpe.

Kiti kilikuwa kitupu. Mito ipo, fimbo haipo.

Nikageuka. Juu kabisa, kupita mawe yote, mama alikuwa amesimama langoni, ameshika nguzo, kifua kinapanda na kushuka. Hakuna aliyekuwa karibu naye.

"Umemaliza?" akaniita. "Njoo na ufunguo. Nimechoka kusimama."